Mvua za vuli 2019 zilitoka wapi? Jinsi ya kutumia modeli za tabianchi kusaka chanzo cha mvua kubwa

Kila mvua ikizidi huku kwetu utasikia majibu mawili tu, ni El Niño (Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida) au ni mabadiliko ya tabianchi, na mjadala unaishia hapo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, lakini hayo ni majina tu, hayakwambii yale maji yalifikaje juu ya bati lako. Mvua kubwa inahitaji vitu viwili: unyevunyevu ulioletwa na upepo kutoka sehemu fulani, na kitu kilichoinyanyua hiyo hewa mpaka ikapoa na kumwaga. Kazi yote ya modeli hapa, yaani programu za kompyuta zinazoiga angahewa na bahari, ni kujibu haya mawili, maji yametoka wapi na nani kayanyanyua, na ukishayajibu ndo unaweza kuanza kuongelea El Niño na hewa ukaa kwa adabu.

Mwongozo huu ni wa yeyote mwenye laptopu ya kawaida, bando na uvumilivu, awe mwanafunzi wa chuo au mtu wa mifereji au mwandishi wa habari aliyechoka kunukuu. Mfano wangu ni vuli ya 2019, Oktoba mpaka Desemba, maana ile ilikuwa kubwa kweli: Kenya, Somalia, Ethiopia, Sudan Kusini, Uganda, Tanzania, kote maji, watu zaidi ya milioni 2 wakaguswa, usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba milima ya West Pokot kule Kenya ikaporomoka ikaua makumi ya watu, na mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria likafika mita 13.42 pale kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964. Na uzuri wake kwa anayejifunza ni kwamba Bahari ya Pasifiki mwaka ule ilikuwa karibu na kawaida, kwa hiyo jibu la haraka la El Niño halikai, inabidi utafute.

Kwanza andika swali lako kwa sentensi moja

Kabla hujafungua faili lolote. Mvua gani, eneo gani, muda gani. Hii watu wanairuka alafu wanahangaika wiki nzima. "Mvua ya msimu mzima wa vuli 2019 kati ya longitudo 34 na 46 mashariki, latitudo 5 kusini mpaka 5 kaskazini" ni swali moja. "Mvua ya usiku mmoja pale West Pokot" ni swali lingine kabisa. La kwanza linaendeshwa na bahari na mizunguko mikubwa ya upepo, modeli za dunia nzima zinaliweza. La pili linahusu mlima, bonde, na wingu moja la ngurumo lililokwama, na modeli ya dunia nzima hata huo mlima haiuoni vizuri.

Kwa mvua yenyewe tumia CHIRPS, data ya mvua inayochanganya satelaiti na vituo, inaanzia 1981, ni bure, na kila kipande chake ni kama kilomita 5. Ila jua kitu kimoja: CHIRPS inajengwa kwa jumla za siku tano tano kisha ndo inagawanywa kwa siku, kwa hiyo jumla ya msimu au ya siku tano iko vizuri lakini usiitegemee kukupa mvua kubwa ya siku moja. Kwa siku moja moja nenda kwenye vituo, yaani rekodi za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) kwa Tanzania au Idara ya Hali ya Hewa kwa Kenya, hata kama utapata vituo vichache.

Pili, angalia angahewa halisi kabla ya modeli

Hapa usiwe na haraka, hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote. Jisajili bure kwenye hifadhi ya data ya Copernicus uchukue ERA5, hii ni rianalisisi, yaani vipimo vya satelaiti, maputo, meli na vituo vimelishwa kwenye modeli ili kujaza mapengo, inaanzia 1940 na gridi yake, yaani upana wa kila kisanduku cha ramani, ni kama kilomita 31. Usidaunlodi data za kila saa za dunia nzima, bando lako litakufa asubuhi. Chukua wastani wa mwezi, Oktoba mpaka Desemba tu, 1991 mpaka 2020, kata eneo kutoka Afrika mpaka Indonesia, na chagua vitu vichache: joto la uso wa bahari, upepo (sehemu ya mashariki-magharibi na ya kaskazini-kusini), unyevu wa hewa, na mwendo wa hewa wa kupanda na kushuka. Kwa urefu, ambao hapa unapimwa kwa mgandamizo wa hewa (hPa, namba ikipungua ndo unapanda juu), chukua hPa 850, 700 na 200.

Alafu tafuta wastani wa miaka yote 30, toa kwenye 2019, chora ramani. Kwa 2019 hivi ndivyo utakavyoona. Bahari upande wa Sumatra na Java imepoa kuliko kawaida, upande wetu wa Afrika imepata joto. Kawaida wakati wa vuli kwenye ikweta ya Bahari ya Hindi upepo wa chini unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, unabeba unyevunyevu kuupeleka Indonesia, hewa inapanda kule na inashuka huku kwetu, na hii ni sababu mojawapo pwani yetu haina mvua kama sehemu nyingine za ikweta. Mwaka 2019 ule mzunguko ulilegea na sehemu nyingine ukageuka kabisa, upepo wa mashariki ukasukuma unyevunyevu wa bahari yenye joto kuja Afrika, na hewa iliyozoea kushuka juu yetu ikaanza kupanda. Kwenye ramani ya mwendo wa wima alama ya kutoa maana yake hewa inapanda, usichanganye. Angalia na upande wa pili wa ramani: Indonesia na Australia zilikauka, na ile ya moto mkubwa wa Australia 2019 mpaka 2020 ni mkono mmoja na mafuriko yetu.

Hali hii ndiyo inaitwa Dipole chanya ya Bahari ya Hindi. Kuipima ni rahisi: wastani wa joto la bahari longitudo 50 mpaka 70 mashariki, latitudo 10 kusini mpaka 10 kaskazini, toa wastani wa longitudo 90 mpaka 110, latitudo 10 kusini mpaka ikweta, kila upande ukiwa umeshatolewa wastani wake wa kawaida. Chora huo mstari pamoja na mvua za vuli tangu 1991 utaona unapanda 1997, unapanda 2019, na mvua inaufuata. Ukichukua na data za zamani 1961 nayo ipo, mwaka ambao hakukuwa na El Niño na bado Ziwa Victoria likaanza kupanda. Na uangalie 2015: El Niño kubwa sana, lakini dipole haikuwa na nguvu kama ya 1997, na vuli haikufika popote karibu na ile. Mimi nikiona hivi inaniambia kwamba kwa vuli yetu swali la kwanza liulizwe Bahari ya Hindi, Pasifiki ifuate.

Tahadhari kwa wa bara: hPa 850 ni kama mita 1500 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu ya hapo! Kwa hiyo ramani yako ya upepo wa 850 juu ya nyanda za juu za Kenya na Ethiopia inaonyesha upepo uliopo chini ya ardhi, yaani namba za kubuni tu za kujazia. Kwa bara tumia 700, kwa bahari na pwani 850 ni sawa.

Na usiishie kwenye wastani wa miezi mitatu. Ndani ya msimu kuna wiki za jua na wiki za balaa, na mara nyingi kinachopanga ratiba ni ule msafara wa mawingu unaozunguka ikweta kwa siku 30 mpaka 60, unaitwa MJO. Ukipita Bahari ya Hindi unaweza kuvuta upepo wa magharibi wenye unyevunyevu kutoka misitu ya Congo, ukaja mpaka Uganda, Rwanda, magharibi mwa Kenya na Kanda ya Ziwa ya Tanzania. Watu wanadhani mvua yetu yote inatoka baharini mashariki, lakini masika ya 2018 ilikuwa na siku nyingi za mvua kubwa ambazo upepo wake ulitoka magharibi, ukivutwa na MJO pamoja na vimbunga vilivyokuwa upande wa Madagaska.

Tatu, chukua modeli

Zile kubwa zinazotumika na IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ziko kwenye mkusanyiko unaoitwa CMIP6, unazipata kwenye tovuti za ESGF, au kama huna nafasi kwenye diski tumia Google Colab, yaani kompyuta ya Google unayoitumia mtandaoni, usome moja kwa moja kwenye hifadhi ya Pangeo iliyopo kwenye wingu la Google, hapo hudaunlodi chochote. Mambo ya kuzingatia yapo machache ila yanaumiza. Mvua (jina lake ni pr) imeandikwa kilo kwa mita ya mraba kwa sekunde, zidisha mara 86400 upate milimita kwa siku. Kuna modeli mwaka wake una siku 360, kila mwezi siku 30, kwa hiyo ukijaribu kuzipanga siku kwa siku na CHIRPS zitagoma. Herufi kama r1i1p1f1 kwenye jina la faili ni utambulisho wa jaribio, na r ikibadilika maana yake modeli ni ileile imeanzishwa na hali tofauti kidogo ya mwanzo.

Kukata eneo na miezi kwa CDO, programu ya bure ya kuchakata data za tabianchi, ni mstari mmoja tu:

cdo -mulc,86400 -selmonth,10,11,12 -sellonlatbox,34,46,-5,5 pr.nc vuli.nc

Sasa sikia hili vizuri. Majaribio ya kihistoria ya CMIP6 yanaishia 2014, baada ya hapo ni ya hali zijazo, na hata mwaka uliopo ndani yake, "2019" ya modeli siyo 2019 yetu. Modeli inapewa hewa ukaa, jua, volkano, alafu inaachwa ijitengenezee hali ya hewa yake. Dipole yake inaweza kutokea 2007 au 2031. Ukichukua mvua ya modeli ya 2019 ukailinganisha na mafuriko ya 2019 ukasema modeli imekosea, umeionea bure. Unachotakiwa kuuliza ni je, dipole ikitokea ndani ya modeli, mwaka wowote ule, mvua inakuja kwetu kwa njia ileile niliyoiona kwenye ERA5?

Nne, ipime kabla hujaiamini

Anza na mwaka wa kawaida. Chora mvua ya wastani ya kila mwezi ya modeli na ya CHIRPS kwenye grafu moja. Sehemu kubwa ya eneo letu la ikweta masika ndiyo msimu mkubwa na vuli ni mdogo. Modeli nyingi zinageuza: vuli inatoka kubwa na masika inapungua. Sababu inayotajwa sana ni kwamba Bahari ya Hindi ndani ya modeli ina mwelekeo wa kukaa kama kwenye dipole chanya hata kwenye mwaka wa kawaida, upepo wa mashariki umezidi, na Sumatra inapoa kupita kiasi. Modeli ya namna hii ikikwambia dipole inaleta mvua nyingi, punguza shangwe kwanza, inawezekana inatia chumvi.

Kisha angalia upepo. Chora mstari wa uhusiano kati ya dipole na mvua kwa CHIRPS, alafu kwa kila modeli, na pembeni uweke ramani ya upepo wa 850 na mwendo wa wima. Modeli inayopata namba ya mvua sawasawa lakini hewa inapanda mahali pasipo, hiyo mimi naiweka pembeni bila huruma, maana imepata jibu kwa bahati. Bora ile yenye mvua pungufu kidogo lakini njia ya upepo ni sahihi.

Kuna na mambo ya milima. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya kuna upenyo pale Turkana ambapo upepo wa chini unapita kwa kasi sana, unabeba unyevunyevu wa Bahari ya Hindi kuutoa nje upande wa kaskazini magharibi. Ukilegea, unyevu unabaki. Modeli yenye gridi ya kilomita 100 au zaidi imeisawazisha milima hiyo, upenyo unakuwa mpana na upepo hauwi wenyewe, kwa hiyo usiitumie kuhukumu kaskazini mwa Kenya. Na muda wa mvua pia: modeli hizi zinanyesha mchana jua likiwa utosini, mara nyingi mvua ndogo ndogo kila siku, wakati sisi tunajua mawingu ya ngurumo yanajengeka alasiri na jioni, na juu ya Ziwa Victoria mvua inapiga usiku, jambo ambalo wavuvi wanalijua na linawaua.

Na kama swali lako ni masika badala ya vuli, jiandae. Tangu miaka ya 1980 masika ilipungua kwa miongo kadhaa wakati modeli nyingi zinasema itaongezeka, na mjadala huo haujafungwa. Usichanganye misimu hii miwili kwenye wastani wa mwaka, utafuta kila kitu.

Tano, kusanya miaka inayofanana

Ukishabakiwa na modeli chache unazoziamini, chagua ndani ya kila moja miaka ambayo dipole imezidi kiwango fulani, tuseme mara moja na nusu ya mtawanyiko wake wa kawaida (standard deviation), tafuta wastani wa ramani zao. Tatizo ni kwamba jaribio moja lina miaka michache ya namna hiyo. Dawa yake ni modeli iliyoendeshwa mara nyingi, kama CESM2 yenye majaribio 100, hapo unapata mamia ya dipole kali na unaweza kuuliza vitu ambavyo rekodi ya mvua ya miaka 40 haiwezi kujibu, kama vile dipole ikija na El Niño na ikija peke yake inatofautiana vipi. Na kwa nini dipole mbili zenye nguvu sawa zinaleta mvua tofauti. Hilo ni swali zuri sana la tasnifu kwa mwenye kutafuta.

Sita, gawa unyevu na upepo

Kwa wastani wa msimu, mvua ukitoa uvukizi ni karibu sawa na unyevu uliokusanyika pale kwa upepo. Kwa hiyo fanya hesabu mara mbili: moja tumia upepo wa 2019 na unyevu wa wastani, nyingine unyevu wa 2019 na upepo wa wastani. Ya kwanza inakwambia mzunguko wa hewa ulichangia kiasi gani, ya pili inakwambia hewa kuwa na maji mengi zaidi kulichangia kiasi gani. Kwenye miaka ya dipole kali upepo ndo unabeba mzigo mkubwa. Ule upande wa unyevu ni mdogo mwaka kwa mwaka lakini ndio unaopanda polepole dunia ikipata joto, kwa sababu hewa inaweza kubeba kama asilimia 7 zaidi ya mvuke kwa kila nyuzi moja ya joto.

Saba, fanya jaribio lako mwenyewe

Mpaka hapa umeona vitu vinavyotokea pamoja tu. Kuonyesha chanzo inabidi ubadilishe kitu kimoja uone. Kuna modeli ndogo ya SPEEDY ya pale ICTP Trieste, inaenda kwenye laptopu ya kawaida. Iendeshe ikiwa na joto la bahari la kawaida. Kisha weka joto la 2019 kwenye Bahari ya Hindi peke yake. Kisha kwenye Pasifiki peke yake. Kila moja irudie mara nyingi ukiibadilisha hali ya mwanzo kidogo, maana angahewa ina kelele zake na mara moja haithibitishi chochote. Mvua yetu ikiongezeka kwenye jaribio la Bahari ya Hindi na isiongezeke kwenye la Pasifiki, hapo sasa una neno la kusema. Gridi yake ni pana, nyuzi 3.75 za latitudo na longitudo, Rwanda na Burundi zinaingia ndani ya kisanduku kimoja, kwa hiyo itumie kwa swali la msimu na bahari tu.

Kwa usiku wa West Pokot unahitaji gridi ya kilomita 4 hivi, ambapo modeli inalitengeneza wingu la ngurumo yenyewe bila kulikadiria. WRF, modeli ya eneo dogo, inafanya hivyo lakini inataka kompyuta za chuo. Ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza ilishaendesha Afrika nzima kwa kilomita 4.5, inaitwa CP4-Africa, na pale mvua kali za muda mfupi zinaongezeka kuliko modeli pana zinavyoonyesha. Kwa mtu anayepanga makaravati na mitaro hilo ni la kulisoma usiku na mchana.

Mwisho, mkono wa binadamu

Hapa unalinganisha modeli za dunia ya sasa na zile za dunia isiyo na hewa ukaa ya viwanda, kwenye CMIP6 zinaitwa hist-nat, na unaangalia mvua ya kiwango kile inajirudia kila baada ya miaka mingapi kwenye kila dunia. Kundi la World Weather Attribution lilifanya hivyo kwa vuli ya 2023 likasema joto la dunia liliongeza ukali wa mvua mpaka mara mbili, na dipole nayo ikachangia pakubwa. Mbinu zilezile kwenye masika ya 2024, iliyoleta mafuriko ya Nairobi na maafa ya Mai Mahiu, zikatoa ongezeko la kama asilimia 5 tu. Kwa hiyo usibebe jibu la msimu mmoja ukalibandika kwenye mwingine.

Ukiandika matokeo, taja eneo, miezi, modeli zilizobaki na zilizotupwa na kwa nini, na toa namba kama kiwango cha chini na cha juu kuliko namba moja. Andika mfano: "dipole ya Bahari ya Hindi iligeuza mzunguko wa hewa ukaleta unyevunyevu Afrika Mashariki, modeli saba kati ya kumi na mbili zinaonyesha njia hiyo, na kwenye hizo saba mvua ya msimu inaongezeka kati ya hivi na hivi." Kisha mpe msimbo wako wa kompyuta mtu wa ofisi ya hali ya hewa ya nchi yako au ICPAC, kituo cha tabianchi cha kanda yetu kule Nairobi, ajaribu kuuendesha mwenyewe, akipata ramani tofauti na yako rudi hatua ya nne.